Kukarabati si kupaka saruji: ujuzi utakaookoa majengo ya Singida

*Tembe za udongo, ngome za mawe, madarasa ya zege: kila ukuta una ubovu wake na namna yake ya kutengenezwa. Mafundi wanaoijua kazi hiyo wapo nchini, ila ujuzi wao haujapewa njia ya kufika wanakohitajika.*

Aliyewahi kuishi Singida anaujua upepo wake. Mji huo uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, katika uwanda wa katikati ya nchi, na wakati wa kiangazi upepo huweza kuvuma kutwa nzima. Wapangaji wa umeme wameuona kuwa utajiri. Fundi wa zege anapaswa kuuona kuwa jambo la kuhadhari, kwa sababu zege halishiki kwa kukauka. Linashika kwa saruji kukutana na maji, na kazi hiyo huendelea siku nyingi baada ya mafundi kufunga vifaa vyao na kuondoka. Jua na upepo vikiyanyonya maji hayo mapema, nguzo hubaki na sura ya zege huku nguvu yake ikiwa pungufu, na usoni hutokea nyufa nyembamba ambazo hakuna anayezijali.

Miaka kumi au ishirini baadaye, nyufa zile zile ndizo zinazopitisha maji na hewa hadi kwenye nondo. Chuma kinashika kutu, kutu inavimba, zege linabanduka, na kamati ya shule au ya zahanati inamwita fundi. Fundi anakuja na mfuko wa saruji, karai na mwiko. Anaziba, anasawazisha, anapaka rangi. Msimu wa mvua wa pili au wa tatu, ubovu unarudi pale pale, safari hii ukiwa mkubwa zaidi.

Fundi huyo hastahili kulaumiwa. Amefundishwa kujenga, na anajenga vizuri. Kukarabati ni kazi nyingine, yenye maswali yake, vipimo vyake na subira yake, na ni wachache waliopata mahali pa kuijifunza. Wahenga walituachia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa majengo ya leo tuongeze jambo moja: kabla ya kuuziba ufa, uulize umetoka wapi na ukuta wenyewe ni wa nini.

Ubovu unaoanzia ndani

Zege jipya lina ukali wa alkali, ule ule unaochubua mikono ya saidia fundi anayechanganya bila glovu. Ukali huo ndio unaoilinda nondo: chuma kikizungukwa nao, kutu haipati nafasi. Lakini hewa ya ukaa iliyomo angani huingia ndani ya zege kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na kuupunguza ukali huo kuanzia usoni kwenda ndani. Ikifika kwenye nondo, ulinzi umekwisha. Kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilicholiwa, na hakuna zege linaloweza kuhimili msukumo huo kutoka tumboni mwake.

Ndiyo maana unene wa zege linaloifunika nondo si jambo la mapambo. Kwa sehemu za ndani, wahandisi hutaka angalau milimita 25 hivi, na kwa msingi au nguzo inayogusana na udongo hutaka 40 au 50. Kwenye maeneo mengi ya ujenzi, nondo hulazwa moja kwa moja juu ya mbao za boksi, na zege likimwagwa, chuma hubaki milimita chache tu kutoka nje. Vipande vidogo vya zege vilivyotengenezwa mapema na kuwekwa chini ya nondo vingetosha kulizuia tatizo hilo, kwa gharama isiyofika hata ya ndoo moja ya rangi.

Singida ina jambo lake la ziada, nalo ni chumvi. Maziwa ya Singidani na Kindai, yanayoupamba mji, ni ya maji ya chumvi. Visima vingi vya mkoa huu navyo vina maji yenye chumvi au madini ya floridi kwa wingi. Anayechanganya zege kwa maji ya chumvi, au kwa mchanga uliochotwa kando ya ziwa bila kuoshwa, anaiweka kutu ndani ya nguzo siku ile ile ya kumwaga. Zege litashika, litapendeza, na litapokelewa na mkaguzi. Ubaya wake hujitokeza baadaye, wakati aliyelimwaga yuko kwenye kazi nyingine.

Hata jasi inafundisha hapa. Huchimbwa Itigi, wilayani Manyoni, na kupelekwa viwandani, ambako huongezwa kidogo kwenye saruji ili isishike haraka kupita kiasi. Ndani ya mfuko, kwa kipimo chake, ni rafiki wa fundi. Lakini msingi ukisimama kwenye udongo wenye jasi nyingi na unyevu, salfeti zake huingia kwenye zege na kulivimbisha mpaka lisambaratike. Zipo saruji zinazostahimili hali hiyo. Wa kuziagiza ni yule anayejua kwamba udongo nao hupimwa kabla ya msingi kuchimbwa.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Tuchukue boriti ya zege juu ya dirisha la darasa. Upande wa chini zege limebanduka kwa urefu wa mkono, na nondo inaonekana, nyekundu kwa kutu.

Kazi inaanza kwa kusikiliza. Kwa nyundo ndogo, fundi anagonga boriti nzima, kipande kwa kipande. Zege zima hutoa mlio mkali na mfupi. Lililoachana na nondo hutoa sauti ya uwazi, nzito, ya kitu kilicho tupu ndani. Anachora kwa chaki mpaka wa sauti hizo mbili, na mara nyingi hukuta kwamba ubovu ni mkubwa mara mbili au tatu ya ule unaoonekana kwa macho. Mwenye uwezo wa kupata fenolfthaleini kutoka maabara ananyunyizia kidogo kwenye zege lililovunjwa muda huo: likigeuka zambarau, ukali upo bado, likibaki na rangi yake, ulinzi wa nondo umeisha.

Kisha anatafuta chanzo. Je, bati linavuja? Je, mfereji umeziba na maji yanamwagikia ukutani? Bila kuondoa chanzo, kiraka ni fedha ya serikali au ya wazazi iliyotupwa.

Kabla tindo haijagusa kitu, boriti inaegemezwa kwa mirunda imara, ili uzito ulio juu yake usimwangukie anayefanya kazi chini. Zege bovu linaondolewa mpaka nyuma ya nondo, kiasi cha milimita 20, ili zege jipya liizunguke nondo pande zote. Kingo za shimo zinakatwa wima. Kiraka kinachoishia kwa ncha nyembamba kama ukucha hubanduka kabla ya vingine vyote. Nondo inasuguliwa kwa brashi ya waya hadi chuma cheupe. Ikiwa imeliwa sana, mhandisi ndiye wa kuamua nondo mpya iongezwe vipi na ipishane na ya zamani kwa urefu gani.

Zege la zamani linalowanishwa vizuri, kisha linaachwa mpaka uso wake usiwe na maji yanayong'aa. Mchanganyiko mpya, mchanga safi uliooshwa na maji kidogo kadiri inavyowezekana, unasukumwa kwa nguvu kuizunguka nondo, tabaka juu ya tabaka. Mwisho wake ni hatua ambayo Singida inaihitaji kuliko mikoa mingi: magunia yaliyolowa yanafunika kiraka, na yanalowanishwa asubuhi, mchana na jioni kwa siku saba angalau. Pale maji yanaponunuliwa kwa dumu, kamati hushawishika kuikata bajeti hiyo. Ni afadhali ikate rangi.

Mawe ya Kilimatinde na Mkalama

Majengo ya zege ya Singida ni ya juzi. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza uzalishaji mwaka 1966; kabla ya hapo saruji ilisafiri baharini, kisha kwa reli. Na Reli ya Kati yenyewe ilifika Tabora mwaka 1912. Aliyejenga katikati ya nchi kabla ya hapo alijenga kwa kile alichokikuta: mawe, udongo, miti, na chokaa pale ilipopatikana.

Kilimatinde, iliyo juu ya ukingo wa Bonde la Ufa katika Wilaya ya Manyoni, ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara kati ya pwani na Tabora, na Wajerumani wakaifanya kuwa makao ya utawala wao. Reli ilipopita Manyoni, umuhimu wa Kilimatinde ukapungua. Kaskazini, Mkalama palikuwa na ngome ya Wajerumani iliyotawala nchi ya Wanyiramba na Waihanzu, na jina hilo limerudi kwenye ramani ya utawala tangu wilaya mpya ya Mkalama ilipoundwa mwaka 2012. Mahali kama hapa ndipo wazee wetu walipolipishwa kodi, walipohukumiwa, na walipobebeshwa mawe ya kujengea kuta zile zile. Kuzitunza si kuutukuza ukoloni. Ni kushika ushahidi, na ushahidi huo umesimamishwa kwa mikono ya Waafrika.

Ukuta wa mawe ya graniti una tabia ambayo mwashi wa leo lazima aielewe. Graniti haipitishi maji. Unyevu ulioingia ukutani, uwe wa mvua au wa kupanda kutoka ardhini, una mlango mmoja tu wa kutokea: maungio ya kati ya mawe. Mafundi wa zamani waliyajaza maungio hayo kwa udongo au chokaa, vitu laini vinavyoruhusu unyevu kutoka. Vinachakaa polepole, na vimekusudiwa vichakae, ili jiwe libaki zima. Mkarabati akiyaziba maungio kwa saruji kali, amefunga mlango huo. Maji yanabaki ndani, udongo wa kiini cha ukuta unalainika, na ukuta unaanza kufura tumbo huku nje ukionekana nadhifu.

Njia sahihi haihitaji mashine. Maungio yaliyochakaa yanachimbuliwa kwa tindo nyembamba na mkono mwepesi, kina chake kikiwa kama mara mbili ya upana wake. Vumbi linatolewa, maji yananyunyizwa, kisha mchanganyiko wa sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga unashindiliwa mpaka ndani. Chokaa hushika kwa kuirudisha polepole hewa ya ukaa iliyofukuzwa na moto wa tanuri, kwa hiyo inataka muda na unyevu. Upepo wa Singida unaidhuru kuliko unavyolidhuru zege. Nayo inafunikwa kwa magunia yenye maji kwa siku kadhaa. Mnunuzi wa chokaa ya mifuko ajihadhari pia na umri wake: iliyokaa dukani muda mrefu katika mfuko uliopasuka imekwisha kushika hewa na haina tena nguvu ya kuunganisha. Iliyo bora huloweshwa na kuhifadhiwa chini ya maji, na kadiri inavyokaa humo ndivyo inavyozidi kuwa nzuri.

Pwani imelipia somo hili

Wenzetu wa pwani wana ujuzi wa chokaa wa karne nyingi, na wamejifunza kwa uchungu nini hutokea ukarabati unapochelewa. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultan Barghash, ilianza kumeguka kwa vipande: sehemu ya roshani mwaka 2012, sehemu ya paa mwaka 2015. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, upande wa mbele pamoja na mnara wa saa uliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Hilo lilikuwa jengo mashuhuri kuliko yote katika Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 ni Urithi wa Dunia. Bagamoyo nako, Boma la Wajerumani la mwaka 1897 liliporomoka sehemu yake kwa mvua za El Niño za 1997 na 1998.

Yapo pia matunda. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 yakaondolewa humo baada ya kazi iliyowashirikisha wenyeji. Dar es Salaam, Boma la Kale lililojengwa miaka ya 1866 na 1867 limekarabatiwa na kuwa kituo cha urithi wa usanifu majengo, chini ya chama cha wasanifu majengo nchini. Ujuzi huo uko Tanzania hii hii, umbali wa siku moja kwa basi. Sijaona sababu kwa nini mwashi wa Manyoni asikae mwezi mmoja na mwashi wa Kilwa, na mwashi wa Kilwa asije kujifunza mawe ya Singida.

Tusidhani haya ni ya magofu pekee. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Taifa linalojua kusikiliza majengo yake linapunguza misiba ya namna hiyo.

Tembe nayo ni urithi

Kabla ya ngome na kabla ya zege, palikuwa na tembe. Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo waliijenga nyumba ya kuta za miti na udongo, yenye paa bapa la fito na majani lililofunikwa udongo. Paa hilo zito linaikinga nyumba na jua la mchana na baridi ya usiku. Udongo wa kichuguu, unaonata kuliko udongo mwingine, ulikuwa dawa ya sakafu na kuta. Kila mwaka kabla ya mvua, familia ilipanda juu, ikatazama mahali udongo ulipolika, ikaongeza mwingine na kuushindilia. Ukarabati ulikuwa sehemu ya kalenda ya nyumba, sawa na kulima na kuvuna.

Baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 na bati kuenea, tembe nyingi ziliachwa. Zilizobaki hupigwa lipu ya saruji ili zionekane za kisasa. Lipu hiyo haishikamani na udongo. Udongo hupanuka na kusinyaa, saruji haifuati, maji yanaingia nyuma yake, na siku moja lipu inaanguka ikiwa imeubeba ukuta. Lipu ya udongo iliyochanganywa na mchanga na samadi, au ya chokaa, ingekuwa rahisi na ingedumu. Lakini kijana anayeijua anazidi kuwa adimu, na wazee wanaoijua hawaulizwi.

Sheria imesimama mwaka 1863

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inayalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye yanalindwa pale waziri anapotangaza hivyo. Kwa miji ya kale ya pwani, tarehe hiyo inaokoa mengi. Kwa Singida haiokoi karibu chochote: ngome, makanisa ya wamisionari, stesheni za reli na tembe zilizosimama hadi leo ni za baada ya hapo. Kila moja inahitaji mtu wa kuiombea, na kuiombea kunahitaji vipimo, michoro na picha. Halmashauri za mkoa zinaweza kuianza orodha hiyo bila kusubiri Dodoma wala Dar es Salaam.

Ujuzi usibaki kwa mtu mmoja

Leo madarasa na zahanati nyingi hujengwa kwa utaratibu wa force akaunti, ambao kamati ya wananchi huajiri mafundi wa jirani. Ni utaratibu mzuri, unaobakiza fedha kijijini. Maana yake pia ni kwamba uhai wa majengo yetu uko mikononi mwa mafundi hao hao, na kwamba kuwaelimisha ndiyo bima ya bei nafuu kuliko zote.

Yako mambo yanayowezekana mwaka huu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina chuo Singida. Somo la ukarabati, la wiki chache, linaweza kuwekwa humo kwa waashi ambao tayari wanafanya kazi, lifundishwe kwa Kiswahili na kwa nyundo mkononi, pembeni ya ukuta mbovu wa kweli. Chuo Kikuu Ardhi na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wana wataalamu wa kuandaa miongozo mifupi yenye michoro ambayo fundi ataikunja na kuitia mfukoni. Kila mkataba wa ukarabati wa jengo la zamani uweke sharti kwamba fundi mkuu afanye kazi na vijana wawili wa mahali hapo, na malipo yao yawemo kwenye makadirio tangu mwanzo.

Na kila jengo la umma liwe na daftari. Liandikwe lilijengwa lini, mchanga ulitoka wapi, nondo zilikuwa za unene gani, ufa ulionekana lini, ulizibwa kwa kitu gani na nani. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wa dunia wanaufuata, unataka kila ukarabati uandikwe na kila nyongeza itambulike. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi Singida anaweza kuutimiza kwa daftari la kawaida na kalamu. Fundi atakayekuja miaka 30 ijayo atajua aanzie wapi, na fedha atakazopewa zitakwenda kwenye ubovu wenyewe badala ya kwenda kwenye kubahatisha.

Singida imejengwa mara tatu: kwa udongo, kwa mawe na kwa zege. Katika kila mara, kulikuwa na watu waliojua kwa nini ukuta unasimama. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba anayelijua hilo leo hafi bila kumfundisha mwingine, na kwamba anayefundishwa analipwa kwa kazi hiyo kama anavyolipwa anayejenga upya.